Waya ya Kuku Haimzuii Kicheche: Kuchagua Waya ya Banda la Kikundi

SOMO LA VIKUNDI VYA KUJISAIDIA

Kusoma kabla ya somo: Luka 14:28–30, Mithali 27:23
Muda: saa moja na nusu
Vifaa: futi ya fundi, penseli, karatasi kubwa na kalamu, na vipande vya waya vya aina mbili au tatu mkiweza kuvipata



Vikundi vingi vimeanzisha mradi wa kuku au wa sungura, na vingine vinaweka pesa za mzunguko ili vianze. Somo hili ni la wote hao. Linahusu kitu ambacho hununuliwa mwisho na kufikiriwa kidogo sana, yaani waya ya banda.

Kwa kawaida hesabu ya kikundi inaenda hivi: kwanza pesa ya vifaranga, halafu ya chakula, halafu ya mbao na mabati. Kile kinachobaki ndicho cha waya. Basi inanunuliwa ile ya bei ya chini, banda linapendeza, picha inapigwa, maombi yanafanywa. Halafu usiku mmoja kicheche anaingia.

Mnyama wa namna hii akishaingia bandani hachukui kuku mmoja akaenda zake. Kuku wamefungiwa, hawana pa kukimbilia, wanarukaruka gizani, naye anaendelea kuua hata wale ambao hawezi kuwala. Asubuhi kikundi kinakuta maiti tupu. Mkopo bado uko pale pale. Na mbaya zaidi, watu wanaanza kuulizana: Nani alinunua waya hii? Nani alikuwa zamu? Kikundi kinaweza kusimama tena baada ya kupoteza kuku. Kikipoteza kuaminiana, ni vigumu sana.

Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza akahesabu gharama. Leo tukae sisi pia, tuhesabu waya.

JAMBO KUU LA SOMO

Mkisahau mengine yote, shikeni hili: kumzuia kuku asitoke ni kazi moja, na kumzuia adui asiingie ni kazi nyingine. Waya nyingi tunazonunua zinaweza ile kazi ya kwanza tu.

Kuku hana meno, hana mikono, na hana nguvu ya kukata chuma. Hata uzio wa fito unamtosha. Lakini kicheche, mbwa, nyegere na panya wana meno na kucha, na wana usiku mzima wa kutafuta njia. Kwa hivyo tusipime waya kwa kumwangalia kuku. Tuipime kwa kumwangalia yule anayemtaka kuku.

MASWALI MATATU KABLA YA KWENDA DUKANI

1. Nani yuko ndani? Kuku mkubwa, kifaranga, sungura mkubwa na mtoto wa sungura hawalingani. Kifaranga anapita mahali mama yake hapiti. Sungura anatafuna, kuku hatafuni.

2. Nani yuko nje? Kila kikundi kinajua maadui wa kwao. Andikeni majina yao kwenye karatasi kubwa, hata kwa lugha ya nyumbani. Nguchiro huja mchana. Kicheche huja usiku. Kanu pia huja usiku (si kile chama, ni yule mnyama mwembamba mwenye madoadoa na mkia mrefu wa mistari). Nyegere huchimba na kurarua. Mwewe hutoka juu. Nyoka humeza mayai na vifaranga. Panya hula chakula na vifaranga. Na msimsahau mbwa wa jirani.

3. Nani anasukuma? Yaani, nguvu inatoka upande gani? Swali hili wengi hawaliulizi. Tutalirudia tukifika kwa misumari.

JICHO LA WAYA

Mvuvi akinunua wavu anauliza ukubwa wa jicho. Nasi tufanye hivyo hivyo. Jicho la waya ni lile tundu katikati ya nyuzi. Wanyama hawa wembamba, kichwa kikishapita, mwili unafuata. Kwa hivyo tusipime tumbo la adui, tupime kichwa chake.

Hivi ndivyo mnaweza kukumbuka:

Jicho la robo inchi (kama milimita 6). Penseli haipiti. Hili linamzuia hata panya mdogo.

Jicho la nusu inchi (kama milimita 12). Kidole kidogo cha mtu mzima kinapita kwa shida. Linazuia panya mkubwa, nguchiro, kicheche, kanu na nyoka wengi. Vifaranga hawatoki. Kwa sehemu nyingi za banda, hili ndilo jicho la kutafuta.

Jicho la inchi 1 (kama milimita 25). Kidole gumba kinapita. Linafaa kwa kuku wakubwa na kwa mbele ya chumba cha sungura mkubwa. Panya anapita. Kifaranga anaweza kupita au kunaswa shingo.

Jicho la inchi 1 na nusu au 2. Linafaa kwa uwanja wa kuku wakubwa wa mchana peke yake. Msilitumie mahali kuku wanapolala.

Kuna hatari nyingine ya jicho kubwa. Adui si lazima aingie. Anaweza kuingiza mkono au mdomo, akamshika kuku aliyelala karibu na waya, akamvuta kipande kwa kipande. Kwa hivyo fito za kulalia kuku ziwe mbali na waya, angalau sentimita 45 hivi.

UNENE WA UZI

Madukani unene wa uzi unaitwa geji. Hapa wengi wanachanganyikiwa, kwa sababu namba ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Geji 22 ni nyembamba kuliko geji 16. Unene wenyewe ni huu:

Geji 22: kama milimita 0.7
Geji 20: kama milimita 0.9
Geji 18: kama milimita 1.2
Geji 16: kama milimita 1.6
Geji 14: kama milimita 2.0

Ile waya ya kuku ya kawaida, yenye macho ya pembe sita, mara nyingi ni geji 20 au 22. Mbwa mwenye njaa anaweza kuirarua. Nyegere haimsumbui hata kidogo. Kwa ukuta wa banda la usiku tafuteni geji 18 au 16. Kwa sakafu ya sungura tafuteni geji 16 au 14, kwa sababu inabeba uzito na inakojolewa kila siku.

Msikubali kuambiwa tu "hii ni nzito." Shika jicho moja kwa vidole viwili ulivute. Likikubali kuvutika na kupanuka, meno ya mnyama yatalipanua zaidi.

NGOZI YA WAYA

Waya hizi ni za chuma zilizopakwa zinki ili zisishike kutu. Zinki ndiyo ngozi yake. Ikichubuka, kutu inaingia.

Kwa weldi meshi, yaani ile ya macho ya mraba iliyounganishwa kwa moto, angalieni vizuri pale nyuzi zinapokutana. Kuna ile iliyopakwa zinki kwanza halafu ikaunganishwa. Moto wa kuunganisha huchoma zinki, na kutu inaanza kwenye viungo. Kuna ile iliyounganishwa kwanza halafu yote ikazamishwa kwenye zinki. Hiyo utaona kiungo kimefunikwa kabisa, kama kimemwagiwa nta. Bei yake iko juu kidogo, lakini kwa sakafu ya sungura inafaa kulipia, maana mkojo unakula chuma.

Zinki ikiliwa nyingi ni sumu kwa ndege na wanyama. Waya mpya wakati mwingine ina vidonge vidogo vya zinki au unga mweupe. Kabla ya kuitumia, isugueni kwa brashi ngumu na siki, halafu ioshwe kwa maji mengi na kukaushwa juani. Msiichome motoni ili kuondoa zinki, wala fundi asiiunganishe kwa weldingi ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wa zinki huleta homa na kifua kubana. Kazi hiyo ifanywe nje, penye upepo.

WAYA ZINAZOPATIKANA MADUKANI

Waya ya kuku (macho ya pembe sita). Ni nyepesi, ya bei nafuu, inakunjika vizuri. Inafaa kwa uwanja wa mchana na kwa kuzuia mwewe juu. Isiwe ulinzi wa usiku peke yake. Wala isiwekwe sakafuni kwa sungura, kwa sababu inalegea na kukata nyayo.

Waya ya kahawa. Ndiyo ile tunayotandika kwenye meza za kuanikia kahawa. Macho yake ni madogo, na watu wengi huitumia kwa vifaranga na sungura. Inazuia vidogo visitoke. Lakini uzi wake ni mwembamba, kwa hivyo chini iwekewe fito za kuishikilia, na isitegemewe mahali mbwa au nyegere anafika.

Weldi meshi. Macho ya mraba au ya mstatili, nyuzi zimeunganishwa. Hii ndiyo ya banda la usiku na ya sakafu ya sungura. Kwa sakafu, chagueni jicho la nusu inchi kwa inchi 1. Ukiitandika, zile nyuzi zilizokaribiana (za nusu inchi) ziwe juu, ndipo nyayo zipate pa kukanyaga. Ongezeni kibao kidogo ambacho sungura atapumzikia, maana akisimama juu ya waya siku zote nyayo huota vidonda. Na sanduku la kuzalia liwe na sakafu ya mbao na nyasi kavu.

Cheni linki. Ni imara kwa uzio wa boma, lakini macho yake ni makubwa. Kicheche anapita kama mtu anayepita mlangoni kwake.

Neti za mbu na nyavu za samaki. Wengine hutumia hizi kwa sababu hazina gharama. Panya anazikata kwa dakika chache. Na neti ya mbu ni ya mtoto kulala, si ya kuku.

IGIZO DOGO

Wanakikundi wawili waigize. Wengine wasikilize, halafu waseme mama ameuliza mambo gani.

MWENYE DUKA: Karibu mama. Leo tukusaidie na nini?

MWEKA HAZINA: Asante, kijana wangu. Nataka waya ya banda la kuku.

MWENYE DUKA: Hii hapa, mama. Ndiyo wote wanachukua. Roli nzima nakupunguzia.

MWEKA HAZINA: Ngoja kwanza. Jicho lake ni inchi ngapi?

MWENYE DUKA: Inchi moja na nusu. Kuku hatoki hapo, mama.

MWEKA HAZINA: Kuku najua hatoki. Ninayemwogopa ni yule wa kuingia. Una ya nusu inchi, weldi meshi?

MWENYE DUKA: Iko, lakini bei yake iko juu.

MWEKA HAZINA: Nionyeshe. Geji yake ni ngapi?

MWENYE DUKA: Kumi na sita hii.

MWEKA HAZINA: Acha nione viungo vyake. Sawa. Unauza kwa mita, ama lazima roli?

MWENYE DUKA: Hata kwa mita nakukatia.

MWEKA HAZINA: Basi nikatie mita nne, tupime pamoja kwa futi yangu. Na uniandikie risiti yenye geji na jicho, wanakikundi waone.

MWENYE DUKA: Haya mama. Wewe umekuja ukijua unachotaka.

NANI ANASUKUMA?

Sasa turudi kwa lile swali la tatu. Waya nzuri ikipigiliwa vibaya ni kazi bure. Kanuni ni hii: waya ikae upande wa yule anayesukuma.

Kama adui yuko nje, pigilieni waya upande wa nje wa nguzo. Akisukuma, anaikandamiza kwenye mbao, na mbao inamkataa. Mkiiweka upande wa ndani, kila akisukuma anang'oa misumari, na mwishowe waya inaanguka ndani.

Kwa sungura ni tofauti kidogo, kwa sababu yeye anatafuna mbao kutoka ndani. Mahali anapofika kwa meno, waya ifunike mbao kwa upande wa ndani. Na kama chumba chake kiko chini mahali mbwa anafika, wekeni waya pande zote mbili.

Tumieni misumari ya U, kila baada ya sentimita 10 hivi. Misumari ya kawaida iliyokunjwa kichwa hulegea haraka. Mkimaliza, pigilieni ubao mwembamba juu ya ukingo wa waya. Ubao huo hufunga ukingo wote, na pia huficha ncha kali zisikate watoto.

Chini ya ukuta ndipo wachimbaji hupitia. Kuna njia rahisi ya kuwazuia. Kateni mkanda wa waya wenye upana wa sentimita 30, pigilieni ukingo mmoja kwenye ubao wa chini wa banda, halafu mlaze mkanda chini kuelekea nje, mfunike kwa mawe na udongo. Mnyama anayechimba huanza pale pale kwenye ukuta. Akikuta waya chini ya miguu yake anachoka. Huwa hafikirii kurudi nyuma kidogo na kuanza mbali.

WENYE VIDOLE

Wale wanaokaa karibu na msitu au mto wana adui wa pekee, nyani na tumbili. Wanyama hawa hawatumii meno tu. Wana vidole kama sisi. Wanavuta, wanasokota, wanafungua. Kamba iliyofungwa fundo wataifungua. Kijiti kilichopitishwa kwenye kitanzi watakitoa. Kwa hivyo mlango uwe na komeo la chuma na kufuli, au pini ya chuma ambayo lazima ikunjwe kwa koleo. Macho yawe madogo, mkono usipite. Msiache sehemu ya waya iliyolegea, kwa maana kidole kikipata pa kushika, kazi imeanza.

Na hapa kuna neno la tahadhari. Wakati mwingine watoto wanaokota tumbili mdogo aliyeachwa na mama yake, na mtu anasema, "Tumweke kwenye kile kibanda cha sungura, atakuwa wetu." Msifanye hivyo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumfuga mnyama wa pori bila kibali. Tena tumbili na mwanadamu huambukizana magonjwa, kama vile kifua kikuu, na akiuma anaweza kuleta kichaa cha mbwa. Akikua anakuwa na nguvu, na kibanda cha kijijini hakimwezi. Hata sokwe walioletwa Sweetwaters kule Laikipia tangu 1993 wanatunzwa kwa uzio wa umeme na walinzi wa kila siku. Mkimpata mnyama wa namna hiyo, pigeni ripoti kwa ofisi ya KWS iliyo karibu au kwa chifu.

TUHESABU GHARAMA

Wengine watasema, "Mwalimu, weldi meshi hatuiwezi." Tuhesabu pamoja. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu. Ulizeni bei za kwenu.

Tuseme kikundi kinataka uwanja wa kuku wa mita 6 kwa mita 5. Mzunguko wake ni mita 22. Waya ya kuku tuseme ni shilingi 150 kwa mita, na weldi meshi ni shilingi 500 kwa mita, zote upana wa sentimita 90.

Uwanja wote kwa weldi meshi: mita 22 mara 500, ni shilingi 11,000. Kweli ni nyingi.

Uwanja wote kwa waya ya kuku: mita 22 mara 150, ni shilingi 3,300. Ni rahisi, lakini usiku hauna ulinzi.

Kuna njia ya tatu. Jengeni nyumba ndogo ya usiku ndani ya uwanja, mita 2 kwa mita 1.5, kwa mbao au kwa matope na mabati. Weldi meshi iwe madirishani na chini tu.

Madirisha mawili, kila moja mita 1 kwa sentimita 45. Mita 1 ya weldi meshi mkiigawa katikati ya upana inatoa madirisha yote mawili.

Mkanda wa chini wa sentimita 30. Upana wa sentimita 90 unatoa mikanda mitatu, kwa hivyo kila mita 1 mnayonunua inazunguka mita 3. Mzunguko wa nyumba ni mita 7. Mita 2 na nusu zinatosha. Nunueni 3 kwa ajili ya pembe.

Jumla ya weldi meshi ni mita 4, yaani shilingi 2,000. Ongezeni waya ya kuku ya uwanja, shilingi 3,300. Yote pamoja ni shilingi 5,300, chini ya nusu ya zile 11,000, na kuku wanalala salama. Mchana watu wako macho na adui wengi wamelala. Usiku ndio wa kulipia. Lakini njia hii inataka jambo moja: kila jioni mtu ahesabu kuku, wote waingie, mlango ufungwe. Mkisahau jioni moja, waya zote mlizonunua hazina maana.

Mfano wa sungura. Vyumba 3, kila kimoja sakafu ya sentimita 90 kwa 60, mkipima nje ya fremu ili waya ikalie mbao. Fundi asiyefikiri atatandika roli kwa urefu wa vyumba, mita 2.7, halafu atupe ukanda wa sentimita 30. Mkikata kila baada ya sentimita 60, upana wa roli unakuwa ndio sentimita 90 za chumba. Sentimita 60 mara 3 ni mita 1.8 tu. Mmeokoa karibu mita nzima kwa kugeuza waya.

YALE AMBAYO WAYA HAIWEZI

Siafu wanapita kila jicho. Wakikuta kuku au sungura wamefungiwa, wanaweza kuwaua wote. Kibanda cha sungura kisimame juu ya miguu, na kila mguu uwe ndani ya mkebe wenye maji au oili chafu. Nyasi ndefu na matawi yasiguse kibanda, yasiwe daraja lao.

Vipande vya waya navyo ni hatari. Kuku hudonoa kila kinachometameta, na kipande kidogo kinaweza kumtoboa utumbo. Ng'ombe akikila kwenye majani, kinaweza kutoboa tumbo hadi kufika kwenye moyo. Siku ya kujenga, mtu mmoja apewe kazi ya kuokota kila kipande. Mkiwa na sumaku kutoka spika mbovu ya redio, ipitisheni chini. Na mtu akichomwa na waya yenye kutu, jeraha lioshwe kwa sabuni na aende kliniki aulizie sindano ya pepopunda. Asingoje livimbe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika miaka miwili iliyopita, kuku na sungura wangapi wamepotea kijijini mwetu kwa sababu ya wanyama? Je, hasara hiyo ingenunua mita ngapi za waya?
2. Ni adui gani wakubwa hapa kwetu? Wanakuja saa ngapi, na kutoka upande gani?
3. Waya iliyo kwenye banda letu sasa ina jicho gani? Imepigiliwa upande gani wa nguzo?
4. Tutagawa zamu ya jioni vipi, bila kumwachia mtu mmoja kila siku?
5. Hasara ikitokea, tutaizungumzaje ili isitugawanye?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Wanakikundi wawili waende madukani wakiwa na futi na penseli, waandike bei ya aina tatu za waya, pamoja na jicho na geji. Wawili wengine walizunguke banda lililopo, wavute waya kwa mkono kila mahali, na waandike kila tundu na kila msumari uliolegea. Matengenezo madogo yafanywe wiki hiyo hiyo. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katibu aandike majibu kwenye kitabu cha kikundi. Ndipo mkiamua kununua, kila mmoja atajua kwa nini mmechagua waya hii na si ile, na hakuna atakayelaumiwa peke yake.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.